Namba ya simu ya mtu wa steshenari: uchambuzi wa kisa kimoja cha udahili

Binti alikuwa amemaliza kidato cha sita, mchepuo wa PCB, katika shule ya bweni ya serikali Kanda ya Kati. Fizikia alipata D, Kemia C, Biolojia C. Ilipofika Septemba vyuo viwili vilikuwa vimemchagua, kimoja kwa Udaktari na kingine kwa Uuguzi. Alitakiwa athibitishe kimoja kwa namba ya siri iliyotumwa kwa ujumbe wa simu. Namba hiyo hakuwa nayo. Ilikuwa kwenye simu ya kijana wa steshenari aliyemjazia maombi, na simu hiyo ilikuwa haipatikani.

Kisa hiki nimekiunga kutokana na wanafunzi zaidi ya mmoja, nikabadilisha mambo madogo madogo ili asitambulike mtu. Nafanya kazi ya ushauri kwa wanafunzi wa kidato cha tano na sita, na kisa hiki ndicho ninachowasimulia walimu wapya wanaopewa kazi hii. Wengi wao hudhani ushauri wa chuo maana yake ni kukaa na mwanafunzi na kumuuliza anapenda kuwa nani. Swali hilo lina mahali pake. Ila kwa watoto tunaowafundisha sisi, anayechagua kozi mara nyingi ni yule aliyeshika simu na makaratasi siku ya kujaza fomu, na mara nyingi mtu huyo si mwanafunzi.

Hali ilivyokuwa

Baba yake alifariki yeye akiwa shule ya msingi. Mama analima alizeti na mtama na anafuga kuku wa kienyeji. Upande wa mama hakuna aliyewahi kufika chuo. Upande wa baba yuko binamu mmoja aliyemaliza kidato cha sita mwaka 2015, akasoma, sasa anafanya kazi Dar es Salaam. Kwa hiyo mambo yote ya chuo aliachiwa yeye, jambo ambalo familia yoyote ingelifanya.

Binamu alikuja na uzoefu wake wa 2015. Wakati ule maombi yalikuwa yanapita kwenye mfumo mmoja wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, ulioanza mwaka 2010. Unalipa mara moja, unapanga vyuo na kozi kwa mpangilio unaoutaka, Tume inagawa. Mwaka 2017 utaratibu huo uliachwa. Sasa mwombaji anaomba moja kwa moja chuoni, kila chuo kina mfumo wake, kila chuo kina ada yake ya maombi, na kazi ya Tume ni kutoa mwongozo, kupanga awamu na kuhakiki waliochaguliwa. Binamu alifika steshenari na pesa ya maombi ya mara moja. Akaambiwa hapo hapo kwamba hesabu ni kwa kila chuo. Pesa aliyobeba, baada ya mama kuongezea kidogo, ilitosha vyuo viwili.

Na binti mwenyewe alikuwa wapi? Bulombora, Kigoma, kambini. Tangu mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, kwa mujibu wa sheria yaliporudishwa mwaka 2013, vijana wanaomaliza kidato cha sita Mei huitwa kambini kuanzia Juni kwa miezi mitatu hivi. Matokeo ya NECTA, baraza la mitihani, hutoka Julai. Dirisha la udahili hufunguliwa siku chache baadaye. Ukiyapanga hayo matatu pamoja unaona kwamba wiki ambazo mwanafunzi anatakiwa kufungua mwongozo, kulinganisha vyuo na kuchagua, ndizo wiki ambazo yuko kwenye gwaride alfajiri na hakai na simu. Sisemi mafunzo yafutwe, wengi wanarudi wamekomaa. Nasema mshauri anayesubiri matokeo ndipo aanze kushauri atamkosa mtu wa kumshauri.

Mama alinisimulia mazungumzo ya steshenari kama alivyoyasikia akiwa amekaa kwenye benchi.

"Namba ya simu ya mwombaji?"

"Yuko jeshini, hana simu."

"Basi nipe yako, braza."

"Mimi kesho narudi Dar, na hii laini nataka kuiacha. Weka yako tu, tutapigiana."

Kitochi cha mama kilikuwa kimefungwa kwenye pindo la kanga, kina chaji na kina laini iliyosajiliwa kwa jina lake. Hakuna aliyemuuliza. Na barua pepe je? Kijana wa steshenari alitengeneza mpya pale pale, akaweka neno la siri analoweka kwa wateja wake wote, kazi ikaisha. Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa na foleni.

Pointi kumi na pointi nane

Kabla ya kufika kwenye vyuo, kuna hesabu ambayo iliwapotosha wote watatu, binamu, mama na mtu wa steshenari, nayo inawapotosha watu kila mwaka.

NECTA inapanga madaraja kwa pointi ambazo zikiwa chache ndiyo vizuri: A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, S ni 6, F ni 7. Masomo matatu ya mchepuo yanajumlishwa. Daraja la kwanza ni pointi 3 hadi 9, la pili 10 hadi 12, la tatu 13 hadi 17. Binti huyu alikuwa na 3 na 3 na 4, jumla 10, daraja la pili. Kijijini ilisikika: amepata pili ya kumi.

Mwongozo wa TCU unahesabu kinyume, pointi zikiwa nyingi ndiyo vizuri: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, S ni nusu. Kwa hesabu hiyo alikuwa na 3 na 3 na 2, jumla 8. Kosa linajificha kwenye C, kwa sababu ni 3 huku na 3 kule, na mtu akianza kujumlisha na C mbili hashtuki.

Binamu alifungua mwongozo kwenye simu, akaona Udaktari wa Binadamu unataka masomo matatu, Fizikia, Kemia na Biolojia, kwa jumla isiyopungua pointi 6. Akaangalia karatasi ya matokeo: 10. Akasema kwa furaha, amezidisha nne. Hata zingekuwa kumi kweli kwa kipimo cha mwongozo, bado kuna jambo la pili ambalo hakulijua: ile 6 ni sharti la kuingia kwenye foleni, haimaanishi umepata nafasi. Kwenye mwongozo huohuo, kando ya sifa za kujiunga, kuna safu inayoonyesha chuo kina nafasi ngapi kwa kozi hiyo. Watu huisoma safu ya sifa wakaishia hapo. Kwa kozi kama Udaktari katika chuo cha umma kama MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, ambapo nafasi ni za kugombewa na waombaji wenye A na B wako wengi, pointi 8 kati ya 15 zinakuruhusu kuomba tu.

Binamu huyu pia alikuwa na kumbukumbu ya madaraja ya miaka yake. Waliomaliza 2014 na 2015 walipimwa kwa ngazi nyingine iliyokuwa na B+ ndani yake, na ndiyo maana mwongozo una maelezo ya pekee kwa ajili yao. Kwa hiyo tulikuwa na mtu mwenye kumbukumbu ya kipimo cha tatu, anasoma kipimo cha pili, akitumia namba za kipimo cha kwanza.

Ningekuwa na dakika tano tu za kukaa na mzazi wa kidato cha sita, ningezitumia kumwandikia hizi safu mbili za namba kwenye karatasi na kumwomba aitunze. Maneno ya "fuata ndoto yako" yasubiri.

Uchaguzi uliofanywa na uchovu

Chuo cha kwanza kilikuwa cha binafsi. Hapo walijaza Udaktari. Chuo cha pili kilikuwa cha umma, na mfumo wake ulitaka chaguo zaidi ya moja. La kwanza Udaktari. La pili Famasia. La tatu binamu alikuwa keshachoka, jua limeenda, na basi la jioni halisubiri. Mtu wa steshenari akashusha orodha, akasema, "Weka Uuguzi, ndiyo inayofuata hapa." Akaweka.

Majina ya awamu ya kwanza yalipotoka, chuo cha binafsi kilimchagua kwa Udaktari. Chuo cha umma kilimchagua kwa chaguo la tatu. Jina lake likatokea kwenye orodha ya TCU ya waliochaguliwa zaidi ya chuo kimoja, ambao wanatakiwa kuthibitisha chuo kimoja kabla ya tarehe iliyotangazwa. Asiyethibitisha anaweza kupoteza nafasi zote.

Binti alirudi kutoka Kigoma akiwa mwembamba, mweusi wa jua na mwenye sauti ya kikakamavu. Alikuja shuleni na mama yake. "Shikamoo mwalimu." Marahaba. Mama akaniambia, "Mwalimu, ameshapata udaktari, ila kuna namba hatuioni." Hakuna kati yao aliyejua habari za Uuguzi. Waliziona kwenye orodha nilipowafungulia.

Sikuanza na kozi. Nilichukua karatasi nikaandika maswali matatu: namba ya simu iliyotumika ni ya nani, barua pepe iko kwa nani, neno la siri analijua nani. Majibu yote matatu yalikuwa mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa amesafiri kwenye msiba mkoa mwingine. Kwa kawaida ujumbe usipoonekana, mwombaji anaingia kwenye mfumo wa chuo kilichomchagua na kuomba atumiwe namba upya. Lakini kuingia kunahitaji neno la siri, na namba inatumwa kwenye simu ileile. Ukilisahau neno la siri, njia ya kulirudisha inapita kwenye barua pepe ambayo nayo hatukuwa nayo.

Tulifanya mambo mawili kwa pamoja. Niliwapigia ofisi ya udahili ya kila chuo kuuliza utaratibu wa kubadilisha namba ya simu. Wakaeleza kwamba mwombaji aandike barua, aambatanishe kitambulisho na nakala ya matokeo. Barua zikaandikwa siku hiyohiyo. Na mama akaenda kwenye duka la jirani wa steshenari kuuliza ndugu za yule kijana. Njia ya mama ndiyo iliyofika kwanza. Kijana alipiga jioni kwa simu ya shemeji yake. Ya kwake ilikuwa imezima kwa kukosa chaji huko msibani. Alipoiwasha ilikuwa imejaa ujumbe wa watoto wa watu, namba za siri za vyuo mbalimbali, na hazitaji jina la mtu. Ilibidi tuombe namba upya ili ijulikane ni ipi. Kwenye ukuta wa duka lake kuna lile bango la madukani, mali bila daftari hupotea bila habari. Nilimshauri baadaye aandike daftari la wateja wa udahili, na kwa haki yake, amefanya.

Namba ikapatikana. Binti alitaka kuthibitisha Udaktari usiku uleule. Nikamwomba asubiri hadi kesho, kwa sababu kulikuwa na suala la mkopo ambalo hakuna aliyelifungua.

Makaratasi

Bodi ya Mikopo, HESLB, ina mfumo wake wa maombi uitwao OLAMS, tofauti kabisa na ule wa vyuo. Unahitaji namba ya mtihani wa kidato cha nne, cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, cheti cha kifo cha mzazi kama amefariki nacho kikiwa kimehakikiwa, mdhamini mwenye kitambulisho, sahihi na mhuri wa serikali ya kijiji au mtaa, na kiapo mbele ya wakili au hakimu. Fomu inachapishwa, inasainiwa, inaskaniwa, inapakiwa tena. Kila hatua ina mlango wake na mtu wake, na mingi ya milango hiyo iko mbali na kijiji.

Binamu alikuwa ameanza maombi ya mkopo, akaacha njiani. Nilipoyafungua nikakuta matatizo matatu.

La kwanza lilikuwa herufi moja. Cheti cha kuzaliwa kiliandika jina lake kwa Kh, vyeti vya shule kwa H peke yake. Shule ya msingi mwalimu aliandika alivyosikia, jina likapanda nalo hadi NECTA. Kwa macho ya mtu ni jina moja. Kwa mfumo unaolinganisha taarifa ni watu wawili. Ilibidi waende kwa wakili kula kiapo kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja, na kuku kadhaa wa mama waliishia huko.

La pili lilikuwa baba. Alizikwa kijijini miaka mingi iliyopita, kila mtu anajua kaburi lilipo, na kifo chake hakikuwahi kusajiliwa. Kwa Bodi, baba asiye na cheti cha kifo ni baba aliye hai ambaye kipato chake hakijaelezwa. Kusajili kifo kilichopita kunataka barua ya mtendaji wa kijiji, kisha safari ya ofisi ya wilaya, kisha kusubiri cheti, kisha kukipeleka tena kwenye uhakiki. Hakuna hatua ngumu hapo, ila zote zinataka muda, na muda ndio tuliokuwa hatuna. Waliianza safari hiyo Septemba. Wangeweza kuianza binti akiwa kidato cha tano, au hata cha tatu.

La tatu liliniuma zaidi. Fomu inauliza kama kaya inanufaika na mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini. Binamu alijibu hapana. Nilipomuuliza mama, akatazama chini kidogo, akasema, "Tupo mwalimu, tangu zamani. Yeye hakuniuliza." Binamu wa mjini hakujua, na mama hakuona sababu ya kulitaja mbele ya mtu wa steshenari na foleni yake. Hilo ni swali la ndani ya nyumba, na benchi la steshenari si mahali pake. Tangu hapo sehemu hiyo ya fomu naijaza na mzazi tukiwa wawili, mlango umefungwa.

Kikao

Walikuja watu wanne: binti, mama, mjomba wake na mwenyekiti wa kitongoji ambaye ni jirani yao. Binamu alikuwa kwenye simu. Mjomba alianza kwa uzito: "Mwalimu, mtoto ametuletea heshima. Udaktari ameupata. Sasa huu uuguzi unaingiaje hapa?"

Sikubishana naye juu ya heshima. Niliandika namba. Ada ya Udaktari kwenye barua ya chuo cha binafsi ilikuwa milioni tano na ushee kwa mwaka, miaka mitano, kabla ya chakula, malazi na vifaa. Ada ya Uuguzi chuo cha umma haikufika milioni mbili, miaka minne. Mkopo hutolewa kwa uhitaji na ada inaweza kulipiwa sehemu tu. Zaidi ya yote, orodha za waliopata mkopo kwa kawaida hutoka baada ya tarehe ya kuthibitisha chuo kupita. Mzazi anatakiwa kukubali deni kabla ya kujua mkopo utakuwa kiasi gani. Utaratibu huo unampa mwenye kipato nafasi ya kubahatisha, na asiye nacho hana nafasi hiyo. Sijaona mwongozo unaolisema wazi, nami nalisema kila nipatapo nafasi.

Nikasema, tuchukulie Bodi imelipa nusu ya ada ya chuo cha binafsi. Inabaki zaidi ya milioni mbili na nusu kila mwaka. Mjomba akasema ndugu tutachanga. Nikamsogezea karatasi na kalamu, nikamwomba kila mmoja aandike kiasi cha mwaka wa kwanza na kiasi cha mwaka wa tatu. Mwaka wa kwanza waliandika wote, hata binamu alitaja chake kwenye simu. Mwaka wa tatu mjomba aliiweka kalamu chini. Alikuwa mtu mkweli.

Hapo ndipo binti alipozungumza kwa mara ya kwanza. Aliuliza kama kuna njia nyingine ya kufika kwenye udaktari. Swali zuri, na jibu lake lina njia tatu ambazo zilistahili kutazamwa sawasawa.

Angeweza kusamehe mwaka, akarudia mtihani Mei kama mtahiniwa wa kujitegemea, apandishe Fizikia. Ni njia halali na wapo waliofanikiwa. Lakini anayerudia nyumbani hana maabara, na Fizikia ya kidato cha sita ina mtihani wa vitendo. Kituo cha kujisomea chenye maabara kiko mjini na kinalipiwa.

Angeweza kusoma stashahada ya utabibu katika vyuo vilivyo chini ya NACTVET, baraza la elimu na mafunzo ya ufundi, miaka mitatu, kisha aombe Udaktari kwa sifa linganishi. Huko nako kunatakiwa ufaulu mzuri, wastani wa B au GPA ya 3.0. Ni njia ndefu lakini ukifika katikati tayari una kazi mkononi.

Au Uuguzi. Mjomba aliuona kama pungufu ya udaktari. Mimi sikubaliani naye na nilimwambia, kwa adabu. Shahada ya uuguzi ni taaluma yenye usajili wake, ngazi zake na wabobezi wake, na mtu anayeingia humo akiwa na hasira ya kukosa kitu kingine huwa muuguzi mbaya. Kwa hiyo nilimtaka binti aniambie kama anaweza kuingia bila hasira hiyo. Hakujibu haraka. Alisema kambini alisaidia chumba cha wagonjwa, akapenda kazi ya kukaa na mtu mpaka homa ishuke. Akaongeza kwamba bado anataka udaktari. Yote mawili yalikuwa kweli, na sikuona haja ya kumlazimisha afute moja.

Samia Scholarship ilitajwa na binamu. Ule ufadhili ulioanza mwaka wa masomo 2022/2023 ni kwa waliofaulu kwa kiwango cha juu kabisa katika sayansi. Kwa D ya Fizikia tusingeomba. Nililieleza hilo mara moja tukaendelea, maana matumaini ya uongo hula siku.

Alithibitisha Uuguzi asubuhi iliyofuata, kwa mkono wake mwenyewe, kwenye kompyuta ya ofisi ya taaluma. Kabla ya hapo tulikuwa tumebadilisha namba ya simu kwenye akaunti zote ikawa ya mama. Namba ya siri inakuja kwa ujumbe wa kawaida wa maandishi, kwa hiyo kitochi kinatosha. Maneno ya siri yaliandikwa kwenye daftari la mama, ukurasa wa mwisho, chini ya hesabu za kikoba.

Tulipofikia

Mkopo ulitoka awamu ya pili, na ulikuwa mdogo kuliko uhitaji wake. Sehemu ya TASAF tuliirekebisha kwa wakati. Cheti cha kifo hakikuwahi, kilikamilika wiki kadhaa baada ya dirisha kufungwa. Bodi hufungua muda wa rufaa, na hapo ndipo kilipopakiwa. Rufaa ilikubaliwa, kiasi kikaongezeka, na bumu lake, lile la chakula na malazi ambalo lilikuwa limewekwa shilingi 10,000 kwa siku, likaanza kumfikia muhula ukiwa umeshaanza. Wiki za mwanzo aliishi kwa pesa ya ndugu, ile ya mwaka wa kwanza waliyoiandika. Walitoa wote.

Shuleni kwetu kazi hii sasa inaanza kidato cha tano, na inaanza na bahasha. Kila mwanafunzi analeta cheti cha kuzaliwa na nakala ya cheti cha kidato cha nne, tunavilaza mezani sambamba na kusoma jina herufi kwa herufi. Mwenye mzazi aliyefariki tunamuuliza habari za cheti cha kifo kabla ya likizo ya Desemba, ili arudi nyumbani na orodha ya ofisi za kupita. Kabla ya kwenda JKT, mwanafunzi anaacha karatasi yenye kozi tano alizopanga mwenyewe, za juu ya uwezo wake, za saizi yake na za uhakika, na ametaja namba ya simu ya nyumbani itakayotumika. Atakayemjazia, awe binamu au steshenari, anafuata karatasi hiyo. Wazazi wengine wanaona tunawasumbua watoto mapema. Mwalimu mkuu alituuliza kama hii si kazi ya RITA. Ni kazi ya RITA kutoa cheti. Kujua kwamba hakipo ni kazi ya aliye karibu na mtoto.

Mwenzangu anayefundisha Fizikia hakubaliani na tulivyomaliza. Anasema binti yule alikuwa na uwezo wa B, kwamba D ile ilitokana na mwaka mzima wa shule kukosa mwalimu wa somo lake kidato cha tano, na kwamba mwaka mmoja wa kurudia ni mchache ukilinganisha na maisha mazima ya kazi. Alikuwa tayari kumfundisha bure. Ningelijua hilo siku ya kikao ningeliweka mezani pamoja na mengine, kwa sababu lingeondoa nusu ya gharama za njia ya kwanza. Hakuna aliyemwita. Sasa mwalimu wa somo ambalo mwanafunzi ameangukia anaitwa kwenye kikao kabla ya mjomba.